Jiko Liliulizwa, Televisheni Haikuulizwa



Jumamosi moja mwezi uliopita, katika mafundisho ya wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa, niliwapa kazi ndogo. Kila mmoja aandike, bila kumchungulia mwenzake, vitu vitano ambavyo angependa vinunuliwe kwanza kwa ajili ya chumba watakachoanzia maisha. Karatasi ziliporudi nilizisoma kwa sauti bila kutaja majina, na haikuwa vigumu kukisia ipi iliandikwa na mwanamume na ipi na mwanamke. Televisheni. Redio yenye spika kubwa. Kochi. Kisha, kwa mwandiko mdogo: ndoo yenye kifuniko, sufuria nzito, jiko zuri, kamba ya kuanikia nguo.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "kama mshahara ni wa bwana, nami nataka jiko zuri na lile la zamani bado linawaka, nitamwambiaje asinione mpenda anasa?" Wenzake wakacheka. Mchumba wake naye akacheka, akasema jiko ni jiko. Mimi sikucheka, kwa maana jibu la swali lile nililipata kwa kuungua mkono.

Turudi nyuma kidogo. Mimi na mama watoto tulianza maisha hapa Huruma katika chumba kimoja, ghorofa ya nne, upande wa Kiamaiko kunakouzwa mbuzi. Mnaozijua ploti zetu hamhitaji kuelezwa: chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia katikati, kitanda nyuma ya pazia, jiko karibu na mlango, na mfereji wa maji uko chini kabisa, tena hautoi maji kila siku. Mwaka wa 2010 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, mara ya kwanza katika bara letu. Nilijiambia kwamba mwanamume mwenye heshima hawezi kwenda kuchungulia mpira kwenye dirisha la hoteli. Nikachukua televisheni kwa malipo ya kidogo kidogo, shilingi 9,000 kwa jumla, nikalipa miezi kumi na moja. Kombe lilikwisha kwa mwezi mmoja. Mwaka wa 2015 matangazo ya mtindo wa zamani yakazimwa nchini, na televisheni yenyewe ikawa meza ya kuwekea biblia na chupa ya chai mpaka tuliponunua king'amuzi.

Katika miezi ile ile ya kulipa deni, mama watoto aliniomba shilingi 350 za kununua jiko la makaa lenye udongo ndani. Tulikuwa na jiko la bati tupu. Nakumbuka jibu langu neno kwa neno: "Hilo tulilo nalo lina shida gani?" Akanyamaza. Baada ya wiki tatu akaniomba tena, na safari hii alikuja na hesabu. Alisema jiko la bati linakula mikebe miwili ya makaa kwa siku, kila mkebe shilingi 40, na jirani mwenye jiko la udongo anatumia mkebe mmoja na kidogo. Nikamwambia tutaona mwisho wa mwezi. Mnajua maana ya tutaona mwisho wa mwezi.

Basi mwaka uliofuata mama mkwe akaugua huko Machakos. Mama watoto akaenda kumwuguza siku tisa, akamchukua yule mdogo aliyekuwa akinyonya, akaniachia wakubwa wawili. Siku ya kwanza niliwapikia ugali kwa kiburi. Siku ya pili nikapika githeri ya mahindi makavu, nikakaa na lile jiko zaidi ya saa tatu, nikaongeza makaa mara nne. Joto lote lilikuwa linatoka ubavuni likipasha ukuta. Nilipoinama kupuliza, mkono wangu wa kulia ukagusa bati, na ngozi ikabaki pale.

Jioni nikiwa naupaka mkono mafuta, nilitazama lile jeraha nikalitambua. Mama watoto ana alama tatu kama zile, mbili karibu na kifundo cha mkono na moja juu kidogo. Miaka yote ile nilidhani ni za utotoni. Tulikuwa tumeoana, tunalala kitanda kimoja, tunapokea komunyo mstari mmoja, na mimi sikujua kwamba mke wangu anaungua ndani ya nyumba yangu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekilalia kitanda, nikashindwa kulijua jiko lililokuwa hatua tatu kutoka mtoni.

Jiko tulilinunua kabla hajarudi. Nilitoka asubuhi nikashuka hadi Shauri Moyo, kwa mafundi wa jua kali, ambako kelele za nyundo zinakuongoza kabla hujaona kibanda. Fundi alinieleza kwamba bati la nje limekatwa lionekane kama kiuno, pana juu na chini, jembamba katikati, ili lisimame imara mtu anaposonga ugali. Baadaye nilisoma kwamba jiko hilo lilibuniwa hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wakiwa wametazama jiko la ndoo la Thailand na kulioanisha na jiko letu la bati, kisha mafundi wenyewe wakaligeuza kulingana na mikono yao na mifuko ya wanunuzi. Udongo uliochomwa unashika joto na kulielekeza juu kwenye sufuria, bati la nje haliwi kali kama zamani, na makaa yanapungua kwa theluthi hivi, pengine hata nusu. Limesambaa mpaka Uganda, Tanzania na Rwanda. Kumbe kitu hicho kilikuwa kimekaa Shauri Moyo, mwendo wa matatu moja kutoka kwangu, kwa miaka karibu thelathini.

Hesabu ya mama watoto ilikuwa sahihi. Tuliokoa kama shilingi 30 kwa siku, na zile 350 zikarudi kabla ya wiki mbili kwisha. Nilianza kuwasimulia wanaume wenzangu habari hiyo kwa majivuno: nunueni jiko la udongo, litajilipa lenyewe! Nilijiona nimekuwa mume mwema.

Hapo ndipo mama watoto aliponiuliza swali ambalo mpaka leo sijalimaliza. Tulikuwa tunakula. Akasema kwa upole, bila kuinua macho, "Baba watoto, na ile televisheni ilijilipa baada ya wiki ngapi?"

Ndugu msomaji, nakuomba ukae na swali hilo kidogo. Televisheni ya shilingi 9,000 haikuulizwa kitu. Haikuambiwa ilete hesabu, haikuambiwa isubiri mwisho wa mwezi. Niliitaka, nikaileta. Jiko la shilingi 350 lilishtakiwa kama mwizi, likaletewa mashahidi, likatakiwa kuonyesha litarudisha senti ngapi na lini. Na hata niliposhawishika, nilishawishiwa na senti. Kama lile jiko lisingeokoa hata mkebe mmoja wa makaa, ila likazuia mkono wa mke wangu kuungua, je, ningelinunua? Kusema kweli, mwaka ule nisingelinunua. Nami naona hilo ndilo kosa lenyewe, kubwa kuliko ubahili. Nilikuwa nimeweka nyumbani sheria mbili bila kuziandika. Matakwa yangu yalikuwa mahitaji tangu yalipozaliwa. Mahitaji yake yalikuwa matakwa mpaka ayathibitishe.

Tunapozungumza juu ya vitu vya bei nafuu vinavyorahisisha maisha, watu hudhani shida ni pesa. Pengine ni pesa kweli, sikatai. Kuna mwezi ambao hata shilingi 50 haipatikani, na mtu wa kibarua anayenunua mafuta ya kupima na makaa ya mkebe huishia kulipa zaidi kuliko mwenye kununua gunia, kwa sababu tu hana pesa za gunia kwa pamoja. Umaskini una kodi yake. Lakini tazama nyumba nyingi zetu kwa jicho la haki. Kuna simu ya maelfu mfukoni mwa baba, na mama anachota maji kwa mtungi usio na kifuniko, yanamwagika ngazini ghorofa tatu. Kifuniko ni shilingi 20. Hapo usiniambie habari ya pesa. Aliyeshika pesa siye anayelowa, basi.

Nilipoyasema haya katika jumuiya yetu ndogo ndogo, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinipinga. Alisema mama zetu walipikia mafiga matatu na kubeba maji kutoka mtoni, wakatulea, na ndoa zao hazikuvunjika. Alisema pia kwamba vitu havina mwisho: leo jiko, kesho gesi, keshokutwa friji, na mke aliyezoeshwa kupewa hatosheki.

Neno lake la kwanza halinishindi. Mama zetu walipikia nje au katika jiko lililojengwa mbali na chumba cha kulala, upepo ukachukua moshi. Walikuwa na mabinti, na mawifi, na jirani wa kuwasaidia kubeba. Mama wa Huruma anapikia ndani ya chumba ambamo mtoto analala, na mabinti wako shuleni mpaka jioni, kama inavyostahili. Tumeuhamisha mzigo wa kijijini tukauleta mjini, tukaacha nyuma kila kilichokuwa kinaupunguza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa mapishi ya majumbani ulihusika na vifo kama milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, wengi wakiwa katika nchi maskini. Na niseme hapa, kwa kuwa huenda yupo asiyejua: jiko la makaa, hata liwe zuri namna gani, lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na imewaua watu usingizini.

Neno lake la pili, kwamba vitu havina mwisho, ni la kweli na lilinifikirisha. Nimeona nyumba zilizojaa vyombo vya plastiki vilivyonunuliwa kwa sababu tu vilikuwa rahisi, vikapasuka kabla ya Krismasi. Nimeona vijana wakikopa kwa simu ili kununua kochi, kisha wanazima simu kuepuka wanaowadai. Lakini dawa ya hayo haiwezi kuwa kumnyima mmoja. Mzee aliposema mke hatosheki, nilimwuliza kwa heshima kama amewahi kuhesabu vitu alivyonunua yeye mwenyewe tangu Januari. Akacheka, akasema mwalimu una maneno. Tuliachana kwa amani, ila sijui kama alihesabu.

Sasa niungame kosa langu la pili, ambalo ni la kazi yangu. Kwa miaka mingi, akina mama walipokuja kuniambia wamechoka, niliwafundisha kuvumilia. Niliwaambia mvumilivu hula mbivu, niliwaambia wabebe msalaba wao. Sikuwauliza hata siku moja: kinachokuchosha ni nini hasa, na kinagharimu shilingi ngapi kukiondoa? Yako mateso ambayo hakuna duka linalouza dawa yake. Mtoto mgonjwa, mzazi aliyefariki, kazi iliyopotea. Hayo tunayabeba kwa imani. Lakini mzigo unaoweza kuondolewa kwa shilingi 350 na mtu aliyelala ubavuni mwako, huo si msalaba. Huo ni uzembe wa mtu fulani, na katika nyumba yangu mtu huyo alikuwa mimi. Wapo akina mama ambao kwa mafundisho kama yale yangu wamejizoesha kutotaja haja zao kabisa. Ukimwuliza anasema, "Mimi niko sawa tu, wanunulie watoto." Baba, usilipokee jibu hilo haraka.

Lakini mambo haya hayaendi upande mmoja tu. Miaka michache iliyopita nilianza kuona kwamba kitabu cha masomo kanisani kimechapishwa kwa wino hafifu. Nikakishika mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Nikamlaumu mpiga chapa, nikalaumu taa. Siku moja mama watoto alitoka Gikomba na miwani ya kusomea ya shilingi 200 aliyoichagua kwa kumkumbuka jirani wa umri wangu. Nilikasirika. Nilimwambia ameniita mzee mbele ya watoto. Ile miwani ilikaa juu ya kabati wiki mbili, na usiku mmoja wote wakiwa wamelala niliivaa, nikafungua kitabu, na herufi zikaja zenyewe kama watu wanaoitwa majina yao. Nilitamani kulia.

Baadaye nilisoma habari ya utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu wachuma majani ya chai huko Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu, ya bei ndogo tu, waliongeza mavuno yao kuliko wenzao wasiopewa kwa kiasi cha asilimia 20 hivi. Wengi wao hawakuwahi kuvaa miwani maishani. Nikajiuliza ni wangapi kati yetu mafundi cherehani, washona viatu na makatekista tunaolaumu taa. (Anayeona ukungu hata kwa mbali, au jicho moja tu, asinunue ya mitaani, aende akapimwe.)

Kwa hiyo sisemi kwamba kila mmoja ajinunulie vyake. Mimi nilikataa kuiona haja yangu mwenyewe kwa sababu ya kiburi, na mwenzangu akaiona kwa niaba yangu, akalipa kwa pesa alizobana katika mboga. Hakuniomba hesabu ya ni lini miwani ile itajilipa. Nikikumbuka hilo naona aibu, kwa kuwa alinitendea kile ambacho mimi nilishindwa kumtendea kwa jiko. Na katika Injili, kwenye harusi ya Kana, ni mama mmoja aliyegundua kwamba divai imekwisha, wakati wanaume wenye karamu walikuwa wameketi.

Mwenye kuniuliza anunue nini, sina orodha ya kumpa, kwa sababu kila chumba kina mahali pake panapoungua. Lakini naweza kutaja vilivyobadilisha siku zetu. Kimoja ni ndoo yenye mfereji. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, ndoo hizo zilikuwa kila mlango, kisha wengi wakazitupa darini. Sisi tuliiweka juu ya kigoda karibu na dirisha, na tangu hapo watoto wananawa wenyewe na hakuna anayechovya kikombe kichafu katika maji ya kunywa. Kingine hakikununuliwa dukani: mama watoto alichukua kikapu kikubwa, akakishonea blanketi kuukuu ndani na mto wa kufunika juu. Githeri inachemka vizuri jikoni kama saa moja, kisha sufuria inafunikwa ndani ya kikapu na kuendelea kuiva kwa joto lake lenyewe wakati yeye yuko sokoni. Zile saa tatu zangu mbele ya jiko zimekuwa moja. Tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti mwaka wa 2018 na bei ya makaa ikapanda, tumeongeza na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kwa chai ya asubuhi. Jiko la udongo bado lipo kwa vyakula vizito. Limevunjika udongo mara mbili, na mara mbili fundi wa Kariobangi akatia mwingine.

Yule msichana wa mafundisho nilimjibu hivi: usimwombe jiko kama ruhusa. Kabla ya harusi kubalianeni kwamba kitu anachokitumia mmoja wenu kila siku kwa mikono yake, yeye ndiye shahidi wa kwanza kuhusu kitu hicho, na neno lake lisihitaji mashahidi wengine. Bei mtazungumza pamoja, mtasubiri pamoja kama pesa haipo, hata mwaka. Lakini televisheni nayo isimame kwenye mstari huo huo. Mchumba wake hakucheka tena. Aliniuliza kama ni lazima waandike. Nikamwambia si lazima, ila aende nyumbani kwao akapike githeri kwa jiko la bati, siku moja tu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiridhisha, nikamwuliza mama watoto kama kuna kitu chochote kinachomwunguza siku hizi. Akafikiri, akasema hakuna. Nilifurahi, nikadhani nimefuzu. Siku nne baadaye, alfajiri, tukiwa bado kitandani, akasema, "Baba watoto, ile taa ya ngazini imekufa tangu mwaka jana." Nilijua imekufa. Sikujua kwamba siku za maji anashuka saa kumi na moja gizani na kupanda na mtungi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ukuta, na simu ameiuma kwa meno ili imulike mbele.

Mwenye ploti nimemwambia, na bado tunangoja. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gikomba nikapata tochi ya kuvaa kichwani, inayochajiwa kwa stima, shilingi 300. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni mlinzi.